Dawa ya Thairoidi Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wagonjwa wa Uganda

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye tayari amepimwa, akaambiwa tezi yake ya koo (thairoidi) haitoi homoni ya kutosha, akapewa levothairoksini. Haubadilishi dozi uliyoandikiwa. Maswali ni yale yanayorudi kliniki na kwenye madirisha ya famasi kuanzia Arua hadi Kabale, na mengi yake, ukiyachuja, yanabaki moja: mbona nameza dawa na majibu bado ni mabaya?

## Mambo ya msingi

Dawa hii inafanya nini mwilini?

Levothairoksini ni homoni ileile ambayo tezi ingeitoa, ila imetengenezwa kiwandani. Haiponyi tezi, inaziba pengo. Kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imeishambulia tezi (ugonjwa wa Hashimoto), aliyeondolewa tezi kwenye upasuaji wa rovu, au aliyetibiwa kwa iodini ya mionzi, pengo hilo kwa kawaida halifungi tena, hivyo dawa ni ya maisha.

Wapo wachache ambao hali yao hupita: wanawake ambao tezi ililegea miezi michache baada ya kujifungua, au watu walioathiriwa na dawa kama lithiamu (ya afya ya akili) na amiodaroni (ya moyo). Hao daktari anaweza kuwajaribu bila levothairoksini huku akiwapima. Kujijaribu mwenyewe nyumbani si jambo lilelile.

Nikila chumvi yenye iodini si inatosha?

Chumvi ya dukani Uganda imekuwa ikitiwa iodini tangu miaka ya 1990, na imesaidia sana kupunguza rovu, hasa sehemu za milimani. Lakini iodini ni malighafi tu. Kiwanda kikishabomoka, hata ukirundika malighafi mlangoni hakuna kitakachotoka. Endelea na chumvi hiyo kama familia nzima. Matone ya iodini na vidonge vya mwani vinavyouzwa kama “virutubisho vya thairoidi” achana navyo, kwa sababu iodini ikizidi inaweza kuilegeza zaidi tezi yenye Hashimoto.

Nitaanza kuona nafuu lini?

Uchovu na baridi huanza kupungua baada ya wiki 2 au 3. Ngozi kavu, nywele zinazokatika na hedhi iliyovurugika huchukua miezi. Kipimo cha kwanza hufanywa wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza. Ukipima mapema zaidi, TSH (homoni inayoiamrisha tezi, ambayo huwa juu tezi ikilegea) inakuwa bado iko njiani kushuka, na unaweza kuongezewa dozi usiyoihitaji.

Pakiti moja imeandikwa 100, nyingine 0.1. Ipi ni yangu?

Zote mbili. Mikrogramu 100 ni sawa na miligramu 0.1, mikrogramu 50 ni miligramu 0.05. Kosa hutokea pale mtu anapobadilishiwa pakiti, akaona tarakimu ngeni, akadhani amepewa dozi tofauti, kisha akameza viwili au nusu. Andika dozi yako kwa mikrogramu nyuma ya kitabu chako cha kliniki na umwonyeshe mhudumu wa famasi kila unaponunua.

Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani mwenye kilo 60 huishia karibu na 100. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanza chini kabisa, 12.5 au 25, na kupanda polepole. Kwa hiyo usilinganishe dozi yako na ya jirani.

## Kumeza

Nimeze saa ngapi, na nini?

Ukiamka, tumbo likiwa tupu, kwa glasi ya maji matupu. Kisha subiri angalau dakika 30 kabla ya kula au kunywa kitu kingine. Saa nzima ni bora. Chai ya maziwa haihesabiki kuwa maji. Kahawa nayo, hata ya rangi, hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza bila kujua. Kidonge kimemezwa, kimehesabiwa, lakini kilishuka pamoja na kikombe cha chai na andazi, na sehemu ya dawa ikaishia chooni. Mgonjwa anaapa kwamba hajakosa hata siku moja, na anasema kweli.

Natoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda sokoni. Nitasubiri vipi?

Weka kidonge na chupa ndogo ya maji kando ya kitanda. Meza unapofungua macho, kabla hujanawa uso. Ukija kufika sokoni na kupata chai, saa moja imeshapita bila wewe kuisubiri.

Wengine hushauriwa wameze usiku, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho. Njia hiyo ni nzuri kabisa, mradi kweli tumbo liwe tupu. Katika nyumba nyingi za Uganda chakula cha usiku huiva saa tatu au saa nne, na watu wanalala nusu saa baadaye. Kwao dozi ya usiku inaangukia juu ya matoke na mchuzi wa karanga. Mlinzi wa zamu ya usiku anayelala mchana anaweza kufanya “asubuhi” yake iwe saa nane mchana. Saa yenyewe si kitu. Muhimu ni tumbo tupu, na saa hiyohiyo kila siku.

Vyakula gani nivikwepe?

Hakuna cha kuacha kabisa. Uji wa soya, maziwa na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi hupunguza ufyonzwaji, basi visiwe vitu vya kwanza baada ya kidonge. Kabeji na muhogo uliopikwa vizuri, kwa kiasi cha kawaida, havina shida kwa mtu anayemeza dawa na kupata iodini.

Nina dawa nyingine. Zinagongana?

Baadhi, ndiyo, na kwa njia mbili tofauti.

Njia ya kwanza ni tumboni: dawa moja inaishika nyingine isipite. Vidonge vya madini ya chuma (pamoja na vile vya kliniki ya wajawazito), kalisiamu, na vidonge vya kutafuna vya kiungulia vyenye magnesiamu au alumini vyote viachane na levothairoksini kwa saa 4. Omeprazoli haiishiki dawa, ila hupunguza asidi inayohitajika kuyeyusha kidonge. Ukianza kuitumia kila siku kwa ajili ya vidonda vya tumbo, omba TSH ipimwe upya baada ya wiki 6 hadi 8. Udongo unaoliwa na wajawazito, pamoja na emmumbwa (udongo uliochanganywa na mitishamba), nao unaweza kunasa dawa; mpe daktari habari hiyo bila aibu.

Njia ya pili ni kwenye ini: dawa nyingine huharakisha kuvunjwa kwa homoni. Rifampisini ya kifua kikuu ndiyo inayokutwa sana hapa kwetu, kisha fenitoini, karbamazepini na fenobabitali za kifafa. Hizi hazisaidiwi na kutenganisha masaa. Dozi ya levothairoksini huenda ikapandishwa muda wote wa matibabu ya kifua kikuu, kisha ishushwe yakiisha. Hilo la kushusha husahaulika, na mtu anabaki na homoni nyingi mno. Kama unatumia dawa za kupunguza makali ya VVU zenye ritonaviri, mwambie daktari ili TSH ifuatiliwe.

Coartem huliwa na chakula chenye mafuta. Siku za malaria, meza ya thairoidi kwanza, subiri saa moja, kisha kula na umeze Coartem.

Niiweke wapi dawa?

Penye giza, pakavu na pasipo joto. Pakiti nyingi zinataka chini ya nyuzijoto 25, na hilo si rahisi Gulu au Moroto wakati wa kiangazi. Kabati la chumba cha kulala, chini, mbali na bati la paa na dirisha, ni bora kuliko rafu ya jikoni juu ya sigiri, kisanduku cha bodaboda au dashibodi ya gari.

Kuwa macho na bahasha. Baadhi ya maduka hufungua kopo kubwa na kukuhesabia vidonge 30 ndani ya kibahasha cha karatasi. Levothairoksini huharibika kwa mwanga na unyevu, na kibahasha hakizuii chochote. Tena hakina tarehe ya mwisho wala namba ya toleo. Omba dawa ikiwa kwenye karatasi zake za kiwandani, kutoka famasi yenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa.

## Kukosa dozi

Nimesahau leo asubuhi. Nifanyeje?

Ukikumbuka siku hiyohiyo, meza tumbo likiwa tupu, hata kama ni usiku. Ukikumbuka kesho yake, meza dozi ya siku hiyo kama kawaida. Madaktari wengi huruhusu mtu asiye na ugonjwa wa moyo kuongeza ile iliyokosekana, kwa sababu homoni hii hukaa muda mrefu mwilini. Uliza mapema kama wewe ni mmoja wao, usisubiri siku utakaposahau.

Kukosa kidonge kimoja kwa wiki kuna madhara gani?

Piga hesabu. Anayeandikiwa mikrogramu 100 kwa siku anapaswa kupata 700 kwa wiki. Akikosa kimoja anapata 600, sawa na mtu aliyeandikiwa takriban 86. Akikosa viwili ni kama ameandikiwa 71. Daktari anayeona TSH juu haoni siku ulizoruka. Anaona mtu ambaye 100 haimtoshi, na anaandika 125. Siku utakapojirekebisha na kumeza vyote, utakuwa unameza kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kukata. Ikiendelea kwa muda mrefu, mapigo ya moyo hupoteza mpangilio na mifupa hupungua nguvu.

Ndiyo maana sentensi muhimu kuliko zote kliniki ni hii: “Musawo, mwezi huu niliruka siku kadhaa.” Iseme kabla kalamu haijaandika.

Niliacha mwezi mzima na sikuona tofauti. Si inamaanisha nimepona?

Hapana. Levothairoksini hupungua kwa nusu kila baada ya siku 7 hivi. Baada ya wiki 1 imebaki nusu, wiki ya 2 robo, wiki ya 5 asilimia 3 tu. Dalili zenyewe hurudi taratibu zaidi, na kwa kuwa zinarudi kidogo kidogo (usingizi, kuvimba uso, choo kigumu, mwili mzito), mtu huzilaumu kazi, umri au mvua.

Mpangilio huohuo wa siku 7 ndio unaofanya dozi moja iliyosahaulika isiwe janga. Watu husikia sehemu hiyo ya pili tu.

Kama uliacha kwa chini ya wiki 6, na hujapata tatizo la moyo wala kupungua uzito sana, kwa kawaida unaweza kurudia dozi yako ya zamani. Zaidi ya hapo, au ukiwa mzee au una moyo mgonjwa, nenda ukaulize kwanza.

Nitajuaje kama ninaifuata dawa vizuri?

Hesabu mabaki. Siku unayonunua vidonge 30, andika tarehe kwenye pakiti. Baada ya siku 30, kama vimebaki 7, umemeza 23, yaani asilimia 77. Kichwa chako kitakwambia ulikosa “kimoja au viwili”. Pakiti haina haja ya kukupendeza. Halafu jiulize kuhusu vile 23: vingapi vilimezwa na chai? Hesabu ya vidonge haionyeshi hilo.

Kuna mbinu gani za kukumbuka?

Kinachofanya kazi ni kukifunga kidonge kwenye jambo usiloweza kuliruka. Kengele ya simu ni nzuri hadi betri iishe au mtoto achukue simu. Pakiti kando ya mswaki inasaidia, ila bafu lenye unyevu silo mahali pake. Kisanduku chenye vyumba 7 kina faida moja kubwa: ukisita, “nimemeza au sijameza?”, unaangalia chumba cha leo. Usipokuwa nacho, andika siku kwa kalamu nyuma ya karatasi ya vidonge, juu ya kila kimoja.

Dawa imeisha na famasi hazina. Je, nigawanye zilizobaki?

Usisubiri kiishe cha mwisho. Anza kutafuta vikibaki vya siku 10, hasa kama unaishi mbali na mji mkubwa. Vituo vya afya vya ngazi ya chini mara nyingi havina dawa hii. Ikikwama kabisa, siku 3 au 4 bila dawa si dharura. Ukikosa kidonge cha 100, viwili vya 50 ni sawa. Dozi ya 75 inaweza kupatikana kwa kumeza 50 leo na 100 kesho, kwa kupokezana, baada ya kukubaliana na daktari. Nusu ya kidonge inakubalika. Robo haikatiki sawasawa.

Jina la kampuni likibadilika, tuseme umetoka Eltroxin kwenda Euthyrox, au umenunua aina nyingine ulipovuka Busia, endelea na mikrogramu zilezile na upime TSH baada ya wiki 6 hadi 8. Kubadilisha kila mwezi kufuata bei kunafanya majibu yasieleweke.

## Vipimo

TSH ni nini, na kwa nini ikipanda ni mbaya?

TSH hutolewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ili kuiamrisha tezi ya koo ifanye kazi. Homoni ikipungua, amri inapazwa; ndiyo maana tezi iliyolegea huenda na TSH ya juu. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya takriban 0.4 na 4.0, lakini soma kilichochapwa kwenye karatasi yako.

Nikimeza vizuri wiki ya mwisho kabla ya kliniki, si majibu yatakuwa mazuri?

Yatakusaliti. T4 huru (homoni yenyewe ya thairoidi iliyo kwenye damu) hupanda ndani ya siku chache, lakini TSH huhitaji wiki kadhaa kushuka. Karatasi inayoonyesha T4 ya kawaida, au hata ya juu, pamoja na TSH iliyo juu sana, humfanya daktari mzoefu ashuku kwanza kwamba vidonge vimemezwa kwa pupa siku za mwisho.

Asubuhi ya kipimo nimeze?

Kwa TSH peke yake haina tofauti. Kama T4 huru inapimwa pia, toa damu kwanza, meza baadaye, kwa sababu T4 hupanda kwa saa chache baada ya kidonge. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini viache angalau siku 2 kabla; vinaweza kuidanganya mashine ionyeshe TSH ya chini isiyo ya kweli.

Nameza kila siku, tumbo tupu, na TSH bado iko juu.

Fuata mpangilio huu. Hesabu vidonge kama ilivyoelezwa juu. Angalia tarehe na uhifadhi. Pitia dawa zote nyingine, hata zile unazoona si dawa. Uzito umeongezeka? Umeanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni? Hivyo vinaweza kuongeza mahitaji. Yote yakiwa safi, daktari atafikiria bakteria wa tumboni aina ya H. pylori, au ugonjwa wa utumbo unaozuia ufyonzwaji.

Beba kila kitu unachomeza kliniki, ndani ya mfuko mmoja. Orodha ya kichwani huacha magnesiamu nje kila mara.

## Hali maalumu

Nimeshika mimba.

Usiache dawa, hata siku moja. Mtoto hutegemea homoni ya mama, hasa miezi ya mwanzo, na mahitaji hupanda mapema. Mwongozo unaotumiwa na wengi ni kuongeza vidonge 2 kwa wiki, 9 badala ya 7, mara mimba inapothibitishwa, kisha kupima TSH kila wiki 4 hadi katikati ya mimba. Jadili hilo na daktari kabla hujashika mimba, maana foleni ya kliniki ya wajawazito inaweza kukulia wiki nyingi. Ukijifungua, dozi hurudi ilivyokuwa, na kipimo hufanywa wiki 6 baadaye. Kunyonyesha hakuna tatizo. Kuhusu vidonge vya chuma, tazama swali la dawa zinazogongana.

Mtoto mchanga ameandikiwa. Nampaje?

Saga kidonge kati ya vijiko viwili, changanya na mililita 5 hivi za maji au maziwa ya mama, mpe kwa kijiko papo hapo. Usitayarishe cha kesho na usikitie kwenye chupa nzima, kwani asipoimaliza hutajua amepata kiasi gani. Maziwa ya soya yasitumike. Kwa mtoto kuchelewa ni kubaya kuliko kwa mtu mzima: ubongo wake unajengwa na homoni hiyohiyo.

Mwezi wa Ramadhani?

Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, urefu wa saumu haubadiliki sana mwaka hadi mwaka, na mpango wa mwaka jana unafaa mwaka huu. Meza nusu saa hadi saa moja kabla ya daku. Au futuru kwa maji na kidonge, ukaswali Magharibi, kisha ule. Tende na uji zisubiri. Chagua njia moja kwa mwezi mzima.

Nimeombewa, au ninatumia miti shamba. Naweza kuacha?

Maombi na kidonge havizuiani. Mitishamba itenganishe na kidonge, na uitaje kliniki. Yeyote anayekwambia umepona, mwombe akubali TSH iamue, ipimwe na daktari wako.

Jirani anataka kidonge changu apunguze uzito.

Mkatalie. Kwa mtu mwenye tezi nzima, dozi kubwa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kiasi cha hatari.

Nasahau kabisa, kila njia imeshindikana.

Kwa baadhi ya watu daktari huruhusu dozi ya wiki nzima imezwe siku moja, mbele ya ndugu au nesi. Si kwa wenye ugonjwa wa moyo, na si kwa kujiamulia.

Ugonjwa wangu ulianza baada ya kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua. Kuna tofauti?

Kubwa. Huenda tezi iliyoumia ni ile ya chini ya ubongo, si ya koo, na hapo TSH haiaminiki. Daktari hufuata T4 huru. Homoni ya kotisoli lazima ichunguzwe na kurekebishwa kabla ya levothairoksini, la sivyo dawa inaweza kuleta hali ya hatari. Historia hiyo ya kujifungua itaje hata kama imepita miaka.

Ni lini nikimbilie hospitali?

Mtu aliyeacha dawa kwa miezi, kisha akapata homa ya mapafu au maambukizi mengine, akawa na usingizi usioamshika, mwili wa baridi, mapigo na pumzi za polepole, akili imevurugika: mpelekeni hospitali kubwa iliyo karibu saa hiyohiyo. Msimpe dawa ya usingizi, na msimlundikie vidonge vya thairoidi mdomoni. Bebeni pakiti yake, mwambieni daktari wa zamu aliacha lini.